Safari ya Kumchukua Atuganile

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Safari yangu ndefu kwa kawaida ni kutoka kitandani hadi dukani kwangu hapa Bondeni, na hata hiyo huwa napumzika katikati. Kwa hiyo mkisikia nimepanda pikipiki hadi karibu na Matema, jueni nilikuwa nimeudhiwa kweli kweli.

Kilichoniudhi ni sentensi moja. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Atuganile, alichukuliwa na mto ulipofurika. Alikuwa anaokoa ng'ombe. Ng'ombe alitoka, yeye hakutoka. Tukazika, tukalia, tukatawanyika. Juzi Atuganile akanipigia simu, akasema watu wa kanisani bado wanakuja kumfariji, na kila anayekuja anamwambia, "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi."

"Kaka, nikilisikia tena neno hilo nitampiga mtu na mwiko," akasema.

Nikamjibu afunge mizigo, nakuja kumchukua akae kwangu.

Asubuhi, Bondeni. Kijana wa bodaboda alilitazama tumbo langu, kisha akayatazama matairi yake. "Mzee, kuna mzigo mwingine, au ni huo tu?"

Sikucheka. Siku hiyo sikuwa na cheko hata la kukopesha.

Ipinda tulisimama kunywa chai. "Unaenda msibani, mzee?" kijana akauliza.

"Naenda kugombana."

"Na nani?"

"Na Mungu. Nikimkosa, nitaanza na yeyote wa kanisani nitakayemkuta."

Akacheka mpaka chai ikampalia. Mimi nilimaanisha.

Kutoka pale barabara ilinipiga kila mahali ambapo mtu mnene anaweza kupigwa. Pembeni, mpunga ulikuwa umelala kifudifudi kwenye tope. Mbele yetu milima ilisimama kijani, mizuri, kama haijasikia habari yoyote. Uzuri ule nao ulinikera. Nilitaka angalau wingu moja lione aibu.

Mchana, nyumbani kwa Atuganile. Nilimkuta na mama mmoja wa kanisani, amevaa kitenge cha kwaya, kikapu cha ndizi kiko miguuni. Nilikuwa sijamaliza hata kusalimia akanipa pole na kuongeza, "Mungu ana makusudi yake, baba. Amempenda zaidi."

"Mama," nikasema, "mbona wewe hakupendi kiasi hicho? Mbona bado uko hapa?"

Aliinuka, akachukua kikapu chake, akaenda zake bila kuaga.

"Kaka," Atuganile akasema, "umeniondolea mgeni, sawa. Na ndizi je?"

Nikamuuliza mizigo iko wapi. Akainamia sufuria ya wali. Nikajua anamwogopa baba mkwe wake. Mafuriko yaliangusha nyumba ya mzee huyo, na sasa analala chumba cha pili cha nyumba ya Atuganile, na kati yao kuna ukuta wa mianzi tu. Kwa watu wa kizamani kwetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemeshani. Mkamwana akisikia mzee anakuja, anapisha njia. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nikaona hayo ni mambo ya kale, tena mtu kafa. Nikaita kwa sauti ya mwenyekiti, "Baba, toka nje, tukae wote watatu tuyamalize!"

Mzee akatoka akidhani kuna hatari. Atuganile alipomwona alijifunika khanga usoni, akakimbilia migombani. Sufuria ikapinduka, wali wote chini. Mzee akageuka upesi, akabaki ananipa mgongo.

"Wewe mtu wa mjini! Mto umeninyang'anya mwanangu, na wewe umekuja kuninyang'anya heshima ya huyu mtoto?"

Akaingia ndani. Nikabaki na kuku wanaokula wali.

Atuganile aliporudi, macho yalikuwa yanawaka. "Umefurahi?"

"Nataka uondoke hapa. Utateseka mpaka lini?"

"Kaka, sikiliza. Kila asubuhi yule mzee analia upande wake wa ukuta. Anamgombeza Mungu kwa Kinyakyusa, bila adabu kabisa. Mwanzoni niliziba masikio. Siku moja nami nikaanza, upande wangu. Akanyamaza, akakohoa, tukaendelea wote wawili. Ni yeye peke yake ambaye hajaniambia Mungu alimpenda zaidi."

"Na Mungu mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Lakini Yesu naye alipaza sauti msalabani akauliza kwa nini, na hatukusikia akijibiwa. Kwa hiyo najua anakaa na nani: na wanaouliza kama yeye. Kifo cha mume wangu kina maana gani, sijui, na anayejua asije kunieleza. Ila kulia peke yangu na kulia na yule mzee ni vitu viwili. Hapo ndipo ninapomwona Bwana. Nikienda kwako, mzee atalia na nani?"

Nikainama kuokota sufuria katikati ya kuku. Swali hilo nalo likaniudhi.

Jioni, wakati wa kuondoka, sauti ya mzee ikatoka ndani ya mianzi. "Mkwe, muulize kama anaondoka."

Atuganile alikuwa amesimama karibu na ukuta, anasikia kila neno. Akanitazama mimi. "Mwambie baba, nabaki."

"Anabaki," nikasema kwenye mianzi, kama mpumbavu anayeongea na uzio.

Akajibu taratibu, "Ndaga." Asante. Halafu nikasikia mtu mzima analia, na mdogo wangu, upande wa huku, akakaa chini akaegemeza mgongo ukutani.

Nimerudi Bondeni peke yangu, mgongo unauma, hasira iko pale pale. Msinitegemee niseme nimepata amani. Nimejifunza tu kwamba hasira hii nayo ni sala, na tangu nirudi nimeacha kusali kwa adabu. Namwambia Mungu wazi kwamba ule mto sijausamehe. Na kama kweli yuko kule na wale wawili, basi alie kwa sauti, tumsikie.