Maegesho Manne ya Ziada

Kamugisha alikuwa hakosei hesabu, na kwa bahati mbaya alilijua hilo. Ukimwambia utafika baada ya dakika tano, atakuuliza tano zipi.

Ofisi yao ya washauri ilipewa kazi na kiwanja kidogo cha ndege za kukodi, njia ya Pugu. Ndege zimekuwa nyingi, zinakosa pa kuegeshwa. Je, yanahitajika maegesho mangapi? Kwa Kamugisha hilo lilikuwa jambo jepesi. Unachukua idadi ya ndege zinazotua kila saa wakati wa msongamano, unazidisha kwa saa ambazo ndege hukaa chini. Zilitua nne kwa saa. Daftari la Albano, karani wa kiwanja, likampa wastani wa kukaa saa tatu. Nne mara tatu, kumi na mbili. Manane yalienea ndani ya uzio. Manne yaliangukia kwenye nyumba kumi na moja za nje, ambazo zingebomolewa.

Mojawapo ilikuwa ya Bi Zubeida, yenye duka mbele. Kamugisha alipotoka Bukoba alipanga chumba cha uani kwake miaka sita, akala futari yake ingawa yeye ni Mkristo, akamfundisha hesabu binti yake Manal mpaka akafaulu. Hilo lilimuuma, lakini akajiambia namba hazina shangazi wala mjomba.

Jumatatu alikwenda kiwanjani kupiga picha ya kuweka kwenye jalada la nakala za ripoti zitakazochapishwa. Akaziona ndege mbili kuukuu zimefunikwa turubai, injini zimeng'olewa, nyasi zimefika kwenye matairi. Alikuwa akizipita kila siku. Alimuuliza Albano anaziandikaje. Albano akamwonyesha: zinazotua na kuruka huziandikia saa, lakini kila asubuhi hupita pia, na ndege anayoikuta imelala huiandikia "ipo". Zile mbili zilikuwa "ipo" mwaka mzima. Na Kamugisha, bingwa wetu, alihesabu kila "ipo" kama ndege iliyokuja siku hiyo ikakaa saa ishirini na nne.

Alizitoa kwenye hesabu. Wastani ukashuka hadi saa mbili. Nne mara mbili, nane.

Ripoti ilikuwa imeshakwenda na jina lake. Alijiambia atahakiki kwanza, kisha akahakiki tena, mpaka Alhamisi ikapita, siku ya mkutano wa wakazi. Hakuwa anahakiki chochote. Alikuwa anaogopa, na aliona aibu kuogopa.

Jumamosi alishindwa kula, akaenda. Bi Zubeida alikuwa akifunga vyombo kwenye magazeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ukae hapo kwenye gunia, viti nishavifunga."

Akamsimulia mkutano. Watu walikataa kuweka saini kwenye fomu za kukubali kuhama, Mzee Mwishehe akitaka kuwaleta wanasheria. Ndipo yeye akasimama.

"Nikawaambia hii hesabu kaifanya Kamugisha, mie namjua, hakosei. Nikasaini wa kwanza. Wakafuata wote."

Kamugisha aliangalia sakafu. Kama angemtukana ingekuwa nafuu.

"Mama, nilikosea," alisema. "Maegesho manne hayahitajiki. Nimejua tangu Jumatatu."

Bi Zubeida aliendelea kukizungushia gazeti kikombe kilichokwisha kufungwa. Akauliza fomu ziko wapi. Kamugisha akasema zinapelekwa keshokutwa, na kwamba asubuhi ile ameandika barua ya kusahihisha, iko mfukoni, anakwenda kuikabidhi.

"Tangu Jumatatu," alirudia mama. "Nami Alhamisi nimesimama mbele za watu."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe baadaye. Barua utaipeleka, lakini kwanza watu niliowashawishi." Akachukua mtandio wake msumarini. "Nyumba kumi bado. Kila mlango utasema wewe, na hiyo Jumatatu uitaje."

Wakatoka. Walianza kwa Mzee Mwishehe, ambaye alikuwa juu ya paa lake, anang'oa bati.