Christmas Tree Niliyopeleka Olkaria

Chekeni tu, aibu ni yangu na nimeshaizoea, lakini nikimaliza kusimulia msinikumbushe tena.

Mume wangu, Baba Shiru, ni fundi kwenye visima vya mvuke kule Olkaria, na Krismasi mbili mfululizo alikuwa hajafika nyumbani, kwa hivyo Desemba ile nilimngoja vibaya sana (nilinunua hata shuka mpya, msiniangalie hivyo). Wiki moja kabla ya sikukuu akapiga simu: "Mama Shiru, hatutoki huku mpaka Christmas tree ifike. Imekwama Mombasa."

Mti tu ndio unaninyima bwana? Na mama mkwe ako Subukia na ua mzima wa saipresi! Sikuuliza swali hata moja (nani huagiza mti Mombasa, jamani?), nikaenda nikakata mmoja unaonishinda urefu, nikaukodishia pickup, na kufika getini Olkaria nilikuwa nimeshaupamba na puto na pamba.

"Mathe, hiyo ni ya nini?" askari akauliza.

"Nimewaletea Christmas tree," nikasema kwa sauti, "sasa muachilie mzee wangu twende nyumbani."

Askari akaita wenzake, wenzake wakaita msimamizi, na Baba Shiru akitokea na helmeti yake kichwani, nusu ya kampuni ilikuwa imeinama ikijifuta machozi.

"Huku hilo ni jina la vali," akanieleza polepole. "Zinapandana juu ya mdomo wa kisima, zingine zinatoka kando kama matawi. Bila hizo hatuwezi kukifunga."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini yeye hakucheka. Alivunja kitawi akakinusa. "Hii ni ya kwa mathe, Subukia," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Akarudi kazini na mti begani, mimi nikarudi nyumbani Free Area peke yangu. Vali zilifika Januari, na yeye nyuma yao.

Tangu siku hiyo niliapa: neno la kazini kwake, kwanza nauliza maana. Juzi amepiga simu, eti haji wikendi hii, wako fishing.

"Ya samaki ama ya kazi?" nikauliza.

"Ya kazi. Chuma kimeangukia ndani ya kisima, tunakivua."

Nikamwambia sawa, pole na kazi. Kisha nikatoa ile shuka kitandani, nikaikunja, nikairudisha kabatini.