Kisu Kisichorudi Jiweni

Mtaani walimwita Makali, na waliompa jina hilo walikuwa na utani wao, maana mtu yule hakuwahi kumfokea hata kuku aliyeingia jikoni. Ukali wake wote ulikuwa kwenye visu. Alikaa pembeni mwa mabucha, juu ya benchi la mbao, jiwe la kunolea mbele yake na kopo la maji miguuni. Ukimpa kisu alikigonga kwanza kwa ukucha, akatega sikio, ndipo akuambie kama umenunua chuma au umenunua mng'aro.

"Chuma laini," aliwaeleza wauza nyama, "kinanoleka upesi, na makali yake yanakuja mazuri ajabu, lakini hayakai. Hiki kigumu kitanitoa jasho hapa jiweni. Ila kikishakubali, mimi na wewe tutasahauliana."

Wauza nyama walitaka hasa kusahauliana naye. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, bwana. Nani ana muda wa kurudirudi kwa fundi?

Mkewe alikuwa nao. Kisu chake cha jikoni kilikuwa cheusi, cha chuma laini, kimekonda kwa kunolewa. Kila baada ya siku chache kiliisha makali, nyanya ikawa inapondeka badala ya kukatika. Hapo alikuja nacho sokoni, akaketi kwenye ncha ya benchi, na huku mumewe ananoa yeye anasimulia: jirani kafanya hivi, binti yetu kapiga simu, goti limeanza tena. Makali aliitikia "ehe" na "wacha wee" bila kuinua macho. Mara nyingi kisu kilikuwa tayari zamani, maneno ndiyo bado.

Kumbe fundi alikuwa akiona haya. Mke wa mnoa visu, kisu chenyewe kile! Basi siku moja akapata cha chuma kigumu kwelikweli, akahangaika nacho jiweni mpaka mabega yakamuuma, akakijaribu kwa karatasi na kwa nywele za mkono wake, kisha akakipeleka nyumbani kifua mbele.

"Haya, mama watoto. Hiki hakitakusumbua kuja sokoni tena."

Mkewe alikipokea, akakigeuzageuza, akacheka kidogo. "Umenoa, mume wangu. Umenoa kweli."

Makali alifurahi siku nzima.

Kisu kikakaa na makali yake, na mama watoto akakaa jikoni kwake. Jioni fundi alirudi amechoka, akala, akalala. Ile ncha ya benchi ikawa ya kuwekea mifuko ya wateja. Maumivu ya tumbo yalipomwanza mkewe, hakuwa na mahali pa kuyachomeka kati ya habari za jirani na za goti. Akayanyamazia, na hospitali walipoyaona yalikuwa yameshamaliza kazi. Makali alimzika mkewe bila kujua alianza kuumwa lini, na hilo lilimkata kuliko kifo chenyewe.

Binti yao wa pekee, aliyeolewa upande wa pili wa mji, alikuja kusaidia kufungasha vitu vya marehemu. Visu vyote viwili vikawa mezani.

"Baba, nipe kile kizuri, niwe namkumbuka mama."

Makali aliona wazi kitakachotokea. Angempa kile kigumu, naye angeenda nacho jumla. Mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja kuhusu chuma akafungua kinywa kumdanganya mwanawe.

"Kizuri ni hiki cheusi, mama."

"Baba! Si wewe mwenyewe ulisema hakishiki makali?" Binti akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Ila mama alikipenda. Siku ile uliyomletea kipya alinipigia simu. Akasema, 'Baba yako leo kanoa, mwanangu. Kanipa kisu, kaninyang'anya benchi.' Tulicheka mno. Nilijua na wewe alikwambia."

"Aliniambia," Makali akasema.

Watoto wakitegeana vitendawili, anayekosa huambiwa umenoa. Jambo hilo kila mtu analijua. Lakini yeye alikuwa mnoaji, na neno lile kwake siku zote lilikuwa sifa.

Binti akamtazama baba yake, akakifunga kile cheusi kwenye gazeti. "Kikiisha makali nitakuletea," akasema. Makali aliitikia kwa kichwa.

Alipobaki peke yake alikichukua kile kigumu akitaka kukinoa, kwa kuwa mikono haikujua kufanya kitu kingine. Akakijaribu kwanza kwenye nyanya. Kikapita bila kusukumwa. Yale makali aliyoyatia yeye mwenyewe wakati mkewe yu mzima yalikuwa vilevile, hayana haja ya jiwe wala ya fundi. Mzee wa watu akakilaza mezani, akainamia mikono yake, akalia.

"Nimenoa, mama watoto," akasema. "Nimenoa kweli."