Sufuria ya Mama Zaina, na vitabu vya Wapolandi vilivyonifanya niulize

Wakuu, nawasalimu kutoka Kindu, Kongo, upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba.

Ninayoyaandika hapa yametokea nyumbani kwetu. Nimebadilisha jina la kiongozi wa klabu yetu tu, maana hapendi kutajwa mtandaoni. Mengine nimeyaacha yalivyo, hata yale yanayoniaibisha.

Kiswahili changu ni cha Maniema. Nimekinyoosha kadiri nilivyoweza ili wa Dar na Mombasa msipate shida; mama tu nimemwacha na chake, na "njo" yake ni "ndiyo" yenu. Mkikuta kosa, semeni. Au msiseme. Mimi ni mtu wa kufuta na kuandika upya mpaka kitu kife, na uzi huu wenyewe umeponea chupuchupu.

Nijitambulishe kidogo.

Nina kibanda cha kuuza crédit za simu hapa mtaani. Nilimaliza sekondari, baba akafariki, shule ikaishia hapo. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwa Kifaransa, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Mtu aliyejisomea ana hofu moja isiyomtoka: kwamba kuna ukurasa wa kwanza ambao wenzake wote walipewa, yeye peke yake hakupewa. Kila nikifungua mdomo mbele ya watu nauogopa ukurasa huo.

Basi.

Tuna klabu ya kusoma. Tunakutana Jumamosi mchana upande wa mjini, kwa hiyo mimi navuka mto kwa mtumbwi. Kiongozi wetu nitamwita Trésor, mwalimu wa sekondari, kijana tu, mwenye maneno makali na roho nzuri.

Mwaka huu Trésor aliamua kila mmoja wetu atoe exposé, yaani mada ya kusomea wenzake, kuhusu fasihi ya sasa ya nchi moja. Majina ya nchi yakaandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia yake. Niliomba moyoni nipate Senegal.

Nikatoa Poland.

Watu walicheka. Mmoja aliuliza kama kule wanaandika au wanacheza mpira tu. Trésor akaniambia niandae mwelekeo wa miaka ya karibuni, riwaya na mashairi, na nisilete historia ya wafalme.

Wakuu, sikulala vizuri kuanzia siku hiyo. Kipolandi sijui hata salamu. Nilisoma kila kilichopatikana kwa Kifaransa: riwaya kadhaa za maktaba ya parokia, mashairi kwenye magazeti ya mtandaoni, mahojiano, makala ambazo nilizielewa nusu. Kwa hiyo chukueni ninayosema kama maneno ya mtu aliyechungulia kupitia dirisha la jirani.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza: kwao mwandishi wa habari anaheshimiwa kama mwandishi wa riwaya. Anakwenda kijijini, anakaa na watu, anaandika kisa cha kweli kwa uangalifu uleule wa msanii, na kitabu chake kinasomwa kama fasihi kamili. Mimi nilidhani ukweli ni wa radio na fasihi ni ya kubuni.

Halafu kuna suala la wakulima. Zamani, nilivyoelewa, vitabu vyao vingi vilitazama dunia kutoka kwenye nyumba ya bwana mwenye shamba. Siku hizi wajukuu wa waliolima shamba hilo ndio wanaandika. Wanasema wazi: bibi zetu walifungwa kwenye ardhi ya wengine, walichapwa, na nyumbani tulifundishwa kuwaonea haya.

Wengine wameanza kuandika kwa lugha za kwao, zile ambazo shuleni mtoto alichekwa akizitamka. Hapo nilikumbuka namna tunavyojisahihisha sisi tukikutana na mtu wa Dar.

Na mashairi, sauti imeshuka. Zamani mshairi alisemea taifa zima. Wengi niliowasoma wa sasa wanasemea jikoni, wodi ya hospitali, mwili wa mama mgonjwa, msitu unaokatwa, mto ambao samaki wake wamekufa. Wapo wenye hasira, wanaoandika kuhusu wanawake, au kuhusu wageni waliokwama kwenye msitu wa mpakani. Lakini hata hasira yao haipigi kelele. Inataja kijiko, inanyamaza.

Niliyaandika hayo yote kwa vichwa vya habari na namba, nikamsomea Trésor kwanza ili anikosoe.

Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, hii ni kama communiqué, tangazo la kilio kwenye radio. Majina yote yametajwa, hakuna anayelia."

Akaniuliza kati ya yote hayo nini kilinigusa mimi. Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nadanganya. Nilijua tayari, na nilikuwa nakikwepa.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu sufuria.

Nyumbani kwetu kuna sufuria kubwa ya aluminiamu, ya kupikia watu wengi. Kwetu, mtaani pakiwa na kilio, wanawake wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya sufuria na sahani za kupikia waombolezaji. Ndiyo maana kila mwanamke anaweka alama kwenye vyombo vyake, rangi au jina lililogongwa kwa msumari, ili matanga yakiisha kila chombo kirudi kwao.

Mama anatoa sahani, anatoa kuni, anakwenda mwenyewe kumenya mihogo. Sufuria ile hatoi. Hajawahi kuitoa tangu nizaliwe.

Majirani walishaacha kuomba. Walikuwa wanamtania, "Mama Riziki, sufuria yako tutaiona mbinguni." Riziki ni mimi. Mama alicheka nao, halafu jioni yake hakuongea na mtu.

Nilikua nikiamini mama yangu ni mchoyo kwa kitu hicho kimoja tu, kama vile mtu mwingine anavyoogopa paka.

Sasa turudi Poland.

Baada ya vita kubwa ya dunia mipaka ya nchi yao ilisogezwa. Wajerumani wakaondolewa upande mmoja, na Wapolandi waliopoteza kwao upande mwingine wakaletwa kukaa kwenye nyumba hizo. Waliingia wakakuta vitanda, mashuka, vikombe mezani. Waandishi wengi wa sasa ni wajukuu wao, na wanarudia rudia jambo hili: kukua katika nyumba ya mtu mwingine. Mtoto anamaliza supu, chini ya sahani anakuta maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeizungumza. Anauliza. Bibi anasema, kula.

Nilikutana na kitu cha namna hiyo katika kitabu zaidi ya kimoja. Kila mara nilifunga simu.

Kwa sababu sufuria yetu ina jina kwenye kitako, limegongwa kwa msumari, nukta kwa nukta. ZAINA. Na nyumbani kwetu hakuna Zaina.

Jina hilo nimelisugua kwa mchanga tangu utotoni. Sikuwahi kuuliza. Nadhani mtoto anajua lipi la kuuliza na lipi la kusugua tu.

Siku moja mama alikuwa anachambua sombe, kisamvu chenu, uani. Nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Ile njo sufuria ya wenye nyumba."

"Wenye nyumba gani?"

"Hii."

Akanieleza huku mikono inaendelea na majani. Mwaka ule wa vita hapa kwetu, yeye akiwa binti, walikimbia kutoka upande wa Lokandu na bibi yangu. Walitembea msituni wakilala ovyo, wakala sombe bila chumvi mpaka ulimi ukasahau. Walipofika Alunguli nyumba nyingi zilikuwa tupu, wenyewe nao wamekimbia, kila mtu akienda alikotoka mwenzake. Bibi alisukuma mlango mmoja. Mafiga yalikuwa na majivu, na sufuria imefunikwa juu yake, safi, kama mtu aliyeiosha kabla ya kukimbia.

Walisema watakaa mpaka wenyewe warudi. Mwenyewe hakurudi. Vita ikapoa, bibi akafa, mama akaolewa humohumo, mimi nikazaliwa. Majirani wa zamani wengi walitawanyika, wapya hawakuuliza. Mabati tumeweka sisi. Mti wa matunda mama hajawahi kupanda, hata parachichi. Anapanda lengalenga, mchicha wetu, na maharagwe, vitu vya msimu mmoja. Hilo nalo nilikuwa nimeliona miaka yote bila kuliona.

Ndipo nikaelewa sufuria. Ingetoka kwenda kwenye kilio, mtu mmoja tu mwenye kumbukumbu angeigeuza, akasoma, akauliza Mama Zaina, mwenye sufuria, yuko wapi. Na swali linalofuata ni la nyumba.

Nikamwambia kuna exposé, na kwamba vitabu vya Wapolandi vinazungumzia jambo hilihili. Nikauliza kama naweza kutoa mfano wa nyumbani.

Mama aliweka kisu chini.

"Ukisema jina lile kule, mi na weye tutalala wapi?"

Nikamwahidi sitasema.

Jumamosi ikafika. Nimesimama mbele na karatasi zangu, nainua macho, namwona mama amekaa nyuma kabisa, na kitenge chake cha kanisani. Hajawahi kuja kwenye klabu. Hakuja kunisikiliza, wakuu. Alikuja kunilinda, au kujilinda na mimi, sijui.

Nilisoma. Trésor akanisogezea maji. Nilieleza wale wa kisa cha kweli, wajukuu wa wakulima, lugha za nyumbani, mashairi ya sauti ya chini. Nilipofika kwenye nyumba za watu nilitaka kuruka, lakini nikaona nikiruka nitakuwa nimedanganya kuhusu Poland pia. Nikaeleza Wapolandi peke yao. Vikombe mezani. Maandishi chini ya sahani. Bibi anayesema kula.

Mzee mmoja, mlinzi wa lile jengo, ambaye huwa anasikilizia mlangoni, akauliza, "Na wenyewe wakirudi, vitabu vinasema nini?"

Nikamwambia nilichosoma. Kwamba mara nyingine wanarudi, wazee sana, au wajukuu wao. Wanasimama nje ya uzio. Mama wa nyumba anadhani wamekuja kumtoa. Anachemsha chai. Wao wanaomba kuona kisima tu, au mti, wanakaa kidogo, wanaondoka. Na mara nyingine hawarudi kabisa, na vitabu vya namna hiyo ndivyo vizito zaidi, kwa sababu waliobaki wanaishi maisha yote kama wageni. Hawapandi kitu. Wanasubiri kugongewa mlango.

Sikumtazama mama wakati nasema hivyo. Sikuthubutu.

Tulivuka mto. Karibu na kwetu akauliza, "Wale wazungu nao walikula mu sahani za watu?"

"Ndiyo, mama."

"Na walikuwa na haya?"

"Ndiyo. Mpaka wajukuu zao."

Akaguna, akafungua mlango.

Wiki chache baadaye mtaani kwetu alifariki jirani. Wanawake walipita kukusanya vyombo. Walipofika kwetu walichukua sahani na kuondoka, kama kawaida, bila kuuliza lingine.

Mama akawaita. "Ngojeni."

Akaingia ndani, akatoka na sufuria. Jina hakulikwangua. Niliiangalia haraka, nikijua nitakachoona, na jina lilikuwepo lote.

Mmoja akasema, "Kumbe leo mbingu imeshuka," wengine wakacheka. Mama hakucheka. Tuliibeba mimi na yeye, kila mmoja mshikio wake.

Kule msibani msimamizi wa mapishi alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa Alunguli tangu zamani. Aliigeuza ili aisuuze. Mkono ukasimama. Akapitisha kidole kwenye nukta, polepole, halafu akamtazama mama yangu.

"Hii si ya Mama Zaina?"

Wanawake wa karibu waliacha kumenya.

"Njo yake," mama akasema. "Mi niko namuchungia. Nyumba nayo. Ukipata muntu wao, umwambie iko kwangu."

Yule mama akasema alisikia Mama Zaina alielekea Kabambare na watoto, na baada ya hapo hakusikia tena. Akaitia maji, akaiweka motoni. Ugali wa watu wote ukapikwa humo.

Hakuna aliyekuja mpaka leo. Siwezi kuwadanganya kwamba tuna amani kamili. Mtu akisimama nje ya uzio wetu mama anaacha anachofanya, na mimi nahesabu vikombe vya chai kichwani. Lakini mwezi uliopita alipanda parachichi. Nilimuuliza kama ni letu au la Mama Zaina. Akasema parachichi likizaa litajua lenyewe.

Nilichojifunza, wakuu. Nilikwenda kwenye fasihi ya mbali nikitafuta ukurasa wa kwanza ambao sikupewa, ili nisichekwe. Ulikuwa chini ya sufuria, nausugua kila siku kwa mchanga. Wale waandishi hawakunifundisha habari za Poland tu, walinipa ujasiri wa kuuliza nyumbani kwangu. Na mama, ambaye hajasoma hata kimoja, ndiye aliyefika mbali kuliko mimi. Mimi nilieleza. Yeye alitoa sufuria.

Nimemsomea uzi huu wote kabla ya kuuweka. Aliniomba niongeze jambo moja tu.

Wengi wetu tulikimbilia ng'ambo ya ziwa, na najua humu mpo wa Kigoma, na Wakongo waliobaki huko. Kama kuna anayemjua Mama Zaina aliyekaa Alunguli kabla ya vita, au Zaina mwenyewe, tafadhali andika hapa chini. Mwambieni sufuria ni nzima, haijatoboka. Waje. Chai ipo.

Na wengine, niambieni: kwenu kuna chombo gani chenye jina la mtu msiyemjua?