Mkanda wa Mama na Meno ya Shangazi

Kabla mama hajawekewa mkanda tumboni, shangazi alikuwa akimwita "lori". Wala hakuficha. Anaingia kwetu, mtaa wa Sakina, hata viatu hajavua, anapaza sauti: "Lori limeegeshwa wapi leo?" Mama anacheka. Mimi sicheki, kwa hiyo na mimi napata langu: "Na wewe cheka basi, tuone kutu."

Meno yangu ni ya kahawia, kama ya wengi tuliokulia maji ya huku chini ya mlima Meru, yanayotia meno rangi. Darasani najibu swali huku nimefunika mdomo, au sijibu kabisa. Ya shangazi, yale ya mbele, yalikuwa meupe kama vigae vya bafuni. Nilidhani Mungu alimpendelea tu.

Mama hakuwekewa mkanda kwa sababu ya shangazi. Ni magoti, presha na sukari. Alishafunga, alishakunywa ndimu na maji ya moto, alishatembea asubuhi hadi barabara ya Nairobi na kurudi akichechemea. Siku ya kwenda hospitali alinichukua, akasema, "Daktari akiongea mimi naona giza. Nisikilizie wewe."

Nikasikiliza. Daktari alipuliza puto, akalibana kwa raba ya nywele karibu na shingo, juu kukawa na kichumba kidogo na chini chumba kikubwa. "Chakula kinaanzia hapa juu," alisema. "Kikijaa, umeshiba. Halafu kinashuka polepole." Mkanda una mrija unaokwenda mpaka kwenye kitufe kilichofichwa chini ya ngozi ya tumbo. Wakitaka kukaza wanachoma sindano kwenye kitufe na kuongeza maji, wakitaka kulegeza wanayatoa. Hawakati utumbo. Akaongeza kwamba si muujiza: soda na aiskrimu zinapita bila hodi, na mtu akizitegemea hatapungua ng'o. Wengine mkanda huteleza, wengine hutolewa kabisa. Na siku hata maji yakigoma kushuka, mbio hospitali.

Mwanzoni mama aliishi kwa uji mwepesi na supu iliyochujwa. Baadaye mtori, nami ndiye niliyekuwa nasaga ndizi mpaka zinakuwa laini kama losheni. Hata aliporuhusiwa vyakula vya kawaida, tonge lilikuwa la ukubwa wa ukucha, anatafuna mpaka anasahau alikuwa anakula nini, na hanywi kitu mpaka amalize. Ugali mgumu, mkate na nyama ya kuchoma vilikuwa maadui. Kitu kikikwama anaacha kuongea katikati ya neno, mkono kifuani, mdomo unajaa mate mazito. Mara ya kwanza kukazwa walikaza mno, hata chai ikakataa, tukarudi wakamlegeza. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Lakini alipungua, pole pole, na siku moja alipanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta.

Aliyejua ni baba na mimi tu. "Wakijua," mama alisema, "watasema nilishindwa kuufunga mdomo wangu mpaka nikafungwa na daktari."

Ndipo ikaja send-off ya kumuaga binti wa shangazi anayeolewa, kule Nduruma. Kwetu keki ya sherehe ni ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kusimamishwa kwenye sinia, majani mabichi mdomoni, anaingizwa kwa muziki. Mwenye sherehe anakata, analisha ndugu mmoja mmoja. Kukataa kulishwa ni kumkataa mtoto wa watu. Mama alijificha nyuma kabisa. Shangazi akamfuata, akamnyang'anya bintiye uma, akachoma pande la nyama.

"Fungua mdomo, wifi. Au unaogopa sumu?"

Watu wakacheka. Mama akafungua. Akatafuna, akatafuna, mpaka MC akasema kwenye kipaza sauti, "Mama, hiyo ni nyama au pipi ya bazoka?" Shangazi akamwekea soda mdomoni: "Sukumizia!" Mama akameza.

Nilimkuta nyuma ya tangi la maji ameinama, mate yanamtoka kama povu, machozi yanamdondoka. Nilikuwa nimemshikia mkoba. Shangazi akatokea na wanawake wawili wa jumuiya yetu ya kanisa. Hakutoa pole wala nini. Aliwageukia wenzake: "Si niliwaambia? Mtu hakondi bure."

Ilitosha: mtaani ikawa mama ana Ukimwi. Ibada ya nyumba kwa nyumba ilipofika kwetu, mama alipika chai ya tangawizi, akatoa vikombe vyake vya maua, vile vya wageni. Hakuna aliyekunywa. "Nimetoka kunywa nyumbani, mama." "Mimi chai inanipa kiungulia." Vikombe vikapoa mezani. Mama akavikusanya akavisuuza, ilhali havikuwa vimeguswa. Mimi nilisimama mlangoni pa jikoni nikamchukia shangazi kwa moyo wangu wote, mimi niliyekuwa naenda mafundisho ya kipaimara kila Jumamosi na kukariri amri ya upendo.

Kipaimara changu ndicho kilichonipa nafasi. Mama alimwomba baba tuweke keki ya kawaida. Baba akasema, "Ukoo utasema nini?" Nikamwambia mama asiogope. Mbuzi alipochinjwa nyuma ya nyumba nilichutama pale nikaangalia vizuri: ini laini liko wapi, na kano zile ngumu za juu ya goti la mguu wa nyuma ziko wapi. Mjomba aliyekuwa anachuna akacheka, "Huyu atakuwa daktari."

Ndafu ikaingia. Nimevaa gauni jeupe. Mama nilimlisha kipande kama ukucha cha ini lililochomwa kando, nikambusu, akakaa. Kisha nikamwambia MC anipe kipaza sauti. Walionijua tangu utotoni waliguna, maana sikuwahi kukishika.

"Namwomba shangazi yangu."

Akaja anacheza, kitenge kipya, mikono juu. Nikakata pale pale nilipopachagua. Kipande kizuri, kinang'aa mafuta, ndani kano tupu.

"Hee, mwanangu, lote hilo!"

"Fungua mdomo, shangazi," nikasema kwenye kipaza sauti. "Au unaogopa sumu?"

Turubai zima likacheka. Akafungua. Akauma, nami uma sikuuachia. Akavuta, nikashikilia. Ikasikika sauti kama ya kijiti kinachovunjika, na nyama ikabaki kwenye uma ikiwa na meno manne meupe juu yake na kipande cha ufizi wa plastiki. Kinywani mwa shangazi kulikuwa na pengo, na pembeni mwa pengo vijino vya kahawia kama vyangu mimi.

MC akaashiria muziki uzimwe.

Mama alifika wa kwanza. Alimfunika uso kwa khanga yake, akamwongoza hadi nyuma ya nyumba. Nikawafuata na uma wangu.

"Tema tu, wifi," mama alikuwa anasema, anamsugua mgongo. "Mimi najua. Tema."

Shangazi akatema, akamwangalia. "Wewe una nini, kwani?"

Mama akauchukua mkono wake akauweka tumboni, juu ya gauni, pale penye kitufe. "Nimewekewa mkanda. Ndiyo maana nakonda. Ndiyo maana nyama yako ilinikwama."

"Kwa hiyo siyo…"

"Siyo."

Shangazi akaanza kulia, kisha akanyoosha kiganja kwangu. "Nipe, mwanangu. Nipe nitoke."

Niliyafunga meno kwenye leso nikayafumbata. "Kwanza ukanywe chai kwenye kikombe cha mama. Mbele yao wote. Ya mkanda usiseme, hayo ni ya mama."

"Bila meno?"

"Bila meno."

Nilimtazama mama, nikingoja aseme mpe mwenzio vitu vyake. Mama aliangalia chini, akakunjua khanga yake taratibu.

Shangazi alitoka. Wanawake wa jumuiya walikuwa kwenye meza moja. Mama akaleta kikombe cha maua, mvuke unatoka. Shangazi akakinywa hadi chini, chai inamchuruzika pembeni mwa mdomo, kisha akamrudishia: "Niongeze, wifi. Chai yako tamu." Wale wengine wakatazamana. Mmoja akasogeza kikombe chake.

Ndipo nilipompa ile leso. Sikumsamehe, nilimrudishia meno tu. Mpiga picha akaniita, "Binti, tabasamu!" Picha hiyo ipo sebuleni hadi leo: nimecheka, sijaziba mdomo, kutu yote nje.