Mtani Aliyewasemea Magoma

Chausiku Mhina wa Magoma alikuwa na mdomo, nani abishe? Lakini mwaka wa pili baada ya Azimio, Bwana Ardhi wa wilaya alipotuma salamu kwamba Alhamisi atakuja kusikiliza madai yao juu ya shamba la mkonge lililotelekezwa, wazee waliufuata mdomo huohuo. Shamba lile lilikuwa kijiji chao kabla mzungu hajavunja nyumba na kupanda mkonge. Wasipomridhisha bwana yule, lingepewa kampuni nyingine, nao wangeendelea kubanana kwenye vishamba vya mawe.

"Atasema nani?" Chausiku aliuliza.

"Wote," alijibu mzee Rehani, ambaye hotuba yake ilikuwa tayari. "Kila mwenye uchungu."

"Mzee wangu, manahodha wengi chombo huenda mrama. Bwana yule atasikia makelele tu, arudi Korogwe kichwa kinamuuma. Halafu atasema tunajipigia zumari. Mimi namtaka Ponsiano."

Lo! Baraza likachafuka. Ponsiano alikuwa Mnyamwezi, manamba wa zamani aliyeletwa kukata mkonge, mmoja wa walioshika mashoka siku nyumba zilipovunjwa. Mpaka leo alikaa kambi ya mkonge.

"Adui ndiye atusemee?" Rehani alifoka.

"Adui wapi? Mnyamwezi kwetu sisi Wazigua ni mtani. Anatutukana hata matangani na hatununi. Mwacheni atutukane mbele ya Bwana Ardhi. Sisi tunyamaze."

Kunyamaza! Wazigua wale! Chausiku alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kufunga midomo, yeye asiyejua kuufunga wake.

Alhamisi Ponsiano akasimama mbele ya Bwana Ardhi. "Bwana mkubwa, usiwasikilize hawa, wachawi watupu." Watu wakaangua kicheko. "Na vibanda vyao! Cha babake Rehani kilikuwa pale penye korongo, kinanuka beberu, nilikiangusha kwa teke moja. Kisima chao kile kule, tulikifukia sisi. Makaburi yao yako chini ya mistari ile mitatu ya mkonge. Tulipanda juu yake. Msimamizi alituambia tusitazame chini."

Kicheko kikakatika.

"Na mama yake huyu mwenye mdomo alikaa mlangoni, kampakata huyuhuyu, bado ananyonya. Alikataa kutoka. Tulimbeba na kigoda chake."

Marehemu mama yake hakuwahi kumsimulia. Chausiku akajifunika kanga usoni akalia, na hakujali nani anamwona.

Bwana Ardhi alizunguka mistari ile na Ponsiano, akaonyeshwa kila kitu kilipokuwa. Waliporudi, akamgeukia. "Mzee, kambi unayokaa imo humohumo shambani. Hawa wakirudishiwa, wewe utakwenda wapi?"

Ponsiano akakuna kichwa. "Hilo hakuna aliyeniuliza."

Aibu ikamshika Chausiku. Alikuwa amepanga nani aseme na nani anyamaze, lakini kwamba mtu huyu kwa maneno yake anajikosesha paa lake mwenyewe, hakuwaza hata kidogo. Akaivunja amri yake ya kunyamaza. "Haendi popote! Atajenga nasi!" Kisha akawatazama wazee kwa hofu, maana hakuwa amemwomba yeyote ruhusa.

Mzee Rehani alikohoa. "Achague kiwanja yeye kwanza," alisema. "Sisi tutafuata."

Masika yaliwakuta wamekwisha kukabidhiwa shamba. Nyumba ya kwanza kusimama pale ilikuwa ya Ponsiano, na waliomkandikia udongo ni walewale aliowavunjia zao, wakimtukana tangu asubuhi mpaka kazi ilipokwisha.