Iddi ya Viatu

Iddi iliyopita nilikwenda Kibokoni, mtaa nilikozaliwa, kumtazama mpwa wangu, na alasiri ilipoingia nikajikuta natega sikio. Kisha nikakumbuka. Zamani, saa kama ile, mtaa mzima ungekuwa njiani kwenda kwenye kiwanja cha mchanga karibu na Ngome ya Yesu, kutazama mpira.

Ulikuwa mpira wa mtaa wetu na mtaa wa jirani, kila Iddi Mosi, tangu mama yangu ni kigori. Asubuhi tulishiba mahamri na mbaazi za nazi, na alasiri sisi wasichana tukasimama na mama zetu ukutani, mikono yanukia hina. Wanaume walicheza miguu mitupu. Nyayo zao zilikita mchangani kama mchi kinuni.

Mchezaji wetu bora alikuwa mjomba, ndugu wa mama, fundi cherehani. Ndiye aliyetulea baba alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kaka yangu mpira. Kaka alipokuwa karani bandarini, aliwaona Wazungu wakicheza kwa viatu. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, akaja na neno lake: na sisi tuvae, tupate kukubaliwa kwenye mashindano ya mji. Ramadhani nzima watu walibishana barazani. Mwisho vijana wakakubali, na kaka akatafuta viatu vikuukuu, vyenye njumu chini, vikawatosha wote.

"Mimi sivai," mjomba akasema. "Mguu wangu ukitiwa kiatuni hauoni."

"Utaumia, mjomba."

"Miaka yote hii nani kaniumiza?"

Kaka angeweza kumwacha nje. Lakini nani angethubutu kumwambia mjomba akae?

Siku yenyewe wachezaji waliteleza na kuanguka, tukacheka mpaka machozi. Kabla ya mapumziko mpira ukaruka juu sana. Kaka na mjomba wakaukimbilia, kila mmoja hakumwona mwenzake, na kaka akatua na kiatu chake juu ya mguu wa mjomba.

Kicheko kilikatika. Mjomba hakupiga kelele, alikaa tu mchangani.

"Mjomba, ni mimi," kaka akasema.

"Najua, mwanangu. Niinue."

Mzee mmoja aliyejua kuunga mifupa alimfunga, lakini mguu uliunga kombo. Na cherehani ile, wajua, huendeshwa kwa miguu. Mishono ya mjomba ikaanza kupinda. Wateja wakahamia kwa fundi wa Kihindi, njia ya pili, na mjomba akabaki kutia vifungo kwenye nguo ambazo fundi huyo alimletea kwa huruma.

Iddi iliyofuata hakuna aliyekwenda kiwanjani. Hakuna aliyekataza.

Kaka akawa anazunguka vichochoro ili asipite mbele ya mjomba. Kila nikipita mimi, mjomba aliniuliza, "Kakako hajambo? Mwambie aje." Nami nilimwambia. "Kesho, inshallah," akajibu kaka, miaka nenda miaka rudi. Mjomba hakumlaumu hata mara moja. Laiti angemgombeza siku moja tu, kwa sauti, mbele za watu, nadhani kaka angerudi.

Mjomba alipofariki mitaa yote miwili ilikuja, wanaume wakapokezana jeneza bega kwa bega. Sikuwaona tena wakikusanyika hivyo. Nilichungulia dirishani nikimtafuta kaka. Alikuwa nyuma kabisa, peke yake, na jeneza lilikuwa limeshapinda kona.